Msamaria Hakuishia Kwenye Bili

SOMO LA JUMA
Andiko la msingi: Luka 10:25-37
Andiko la kukariri: Luka 10:35 (lifungue katika Biblia yako ulisome mara tatu kabla hujaendelea)



Jumapili moja mwaka jana nilisimama mbele ya kanisa hili nikatoa ushuhuda. Wengi wenu mlikuwepo. Baba yetu mzazi alikuwa ametoka hospitali baada ya siku 52. Alikuwa amegongwa na bodaboda akivuka barabara kutoka sokoni, mfupa wa paja ukavunjika, na siku hizo zote alilala chali mguu ukiwa umefungwa uzito wa kuuvuta ili mfupa ujipange. Bima ya SHA ililipa sehemu yake, na salio la shilingi 41,200 likalipwa kwa mchango wa ukoo na wa kanisa. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mungu amelipa bili yote! Hatudaiwi hata shilingi!" Mkapiga makofi, mkashangilia.

Wiki mbili baadaye nilipitia sokoni kwa dada yangu mdogo, yule aliyekuwa akimchunga baba wadini. Yeye huuza nguo za mitumba. Nikakuta kibanda kimefungwa. Mama wa kibanda cha pili akaniambia, "Pasta, huyu hajafungua tangu mzee alazwe. Si alimaliza stoki yote?"

Nikaenda nyumbani kwake. Sikutaka kuzunguka, nikamuuliza kuna nini. Hakusema neno. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule, la kurasa 48, akanipa. Ndani alikuwa ameandika kila siku alichotumia hospitalini, tangu siku ya kwanza hadi ya 52. Halafu akasema neno ambalo limenifuata mpaka leo: "Pasta, ni kweli Mungu alilipa bili. Hizi zingine nilikuwa nalipa mimi."

Ndugu yangu, leo sitafundisha juu ya bili kubwa. Kwa bili kubwa tunajua kufanya harambee, tunajua kufunga na kuomba. Nataka tujifunze juu ya hizi zingine.

DAFTARI LA DADA YANGU

Mimi nimesomea biashara chuo kikuu. Nilifundishwa kwamba kuna gharama unazoziona na zile ambazo hazionekani, na kwamba biashara nyingi huuawa na hizo za pili. Lakini baba alipolazwa niliacha elimu yangu nje ya lango la hospitali. Nilikuwa nauliza swali moja tu kila nikipiga simu: "Bili imefika ngapi?" Sikuuliza, "Wewe umekula nini leo?"

Dada yangu ameniruhusu niwaonyeshe hesabu yake ili ipate kusaidia wengine. Kwa siku 52:

Nauli ya matatu, kwenda na kurudi, shilingi 200 kwa siku: 10,400.
Chakula cha mtunzaji mwenyewe, 150 kwa siku: 7,800.
Uji, mayai, matunda na maji ya kunywa ya mgonjwa, 180 kwa siku: 9,360.
Pampas za watu wazima, sabuni, tishu na mafuta ya kujipaka: 6,900.
Kredo ya simu na ada za kutoa pesa, 45 kwa siku: 2,340.
Dawa na vifaa ambavyo siku hiyo havikupatikana hospitalini: 8,450.
Vitu vya kununua mara moja, yaani thamosi, beseni, shuka, blanketi, taulo, malapa: 4,100.

Jumlisha. Ni shilingi 49,350. Gawanya kwa siku 52 upate karibu 950 kwa siku. Sasa linganisha na ile bili tuliyoipigia makofi, 41,200. Pesa ndogo ndogo zilikuwa nyingi kuliko bili!

Sisi watoto wengine watatu tulikuwa tumetuma shilingi 21,000 zikijumlishwa, elfu saba saba, tena kwa vipande vya mia tano na elfu moja. Tukajiona tumejitahidi. Zilizobaki, 28,350, zilitoka kwenye stoki ya dada yangu. Na katika daftari hilo hakuna mahali alipoandika faida aliyokosa siku 52 kibanda kikiwa kimefungwa. Hiyo hakuna aliyeihesabu.

Nilipomaliza kusoma nilijua ushuhuda wangu ulikuwa na shimo. Hatudaiwi hata shilingi? Tulikuwa tunadaiwa, na aliyetudai alikuwa ameketi mbele yangu.

1. MSAMARIA ALIPANGA MATUMIZI YA AINA TATU

Rudi sasa kwenye andiko letu. Hadithi hii tunaipenda kwa sababu ya huruma ya yule Msamaria. Lakini hebu isome kama mtu wa mahesabu.

Kwanza, kulikuwa na matumizi ya papo hapo. Mafuta, divai, na nguo ya kufunga majeraha. Vilitoka kwenye mzigo wake mwenyewe. Usafiri nao ulikuwa mnyama wake, na yeye akatembea kwa miguu.

Pili, kulikuwa na matumizi ya kila siku. Alifika nyumba ya wageni, akakaa na mgonjwa usiku ule. Asubuhi akatoa dinari mbili akampa mwenye nyumba. Ukisoma Mathayo 20:2 utaona dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku nzima. Kwa hiyo aliacha mshahara wa siku mbili kwa ajili ya chakula na malazi ya siku zinazofuata.

Tatu, na hapa ndipo wengi wetu tunaanguka, aliweka mpango wa yasiyojulikana. Alimwahidi mwenye nyumba kwamba kama matumizi yatapita zile dinari mbili, atakaporudi atayalipa yeye. Msamaria alijua kuumwa hakufuati bajeti. Hakutaka yule mwenye nyumba, mtu mwema aliyekubali kuchunga mgonjwa, aingie hasara kwa sababu ya wema wake.

Hebu jiulize: katika familia yetu, nani alikuwa mwenye nyumba? Alikuwa dada yangu. Sisi tulimwachia mgonjwa tukaenda zetu, na hakuna aliyemwambia, "Ukitumia zaidi, mimi nitakulipa."

2. KETI KWANZA UHESABU

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuanza, anaketi na kupiga hesabu. Angalia neno hilo, kuketi. Mgonjwa akilazwa kila mtu anakimbia, hakuna anayeketi. Ukiona daktari amesema wiki kadhaa, ketini siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa simu, mfanye mambo haya.

Muulize sista wa wadi, kwa heshima, maswali manne: Mgonjwa huyu anahitaji kuwa na vitu gani vyake? Chakula gani anaruhusiwa na gani haruhusiwi? Saa za kutazama wagonjwa ni zipi, na je, mtu anaweza kukaa naye nje ya saa hizo? Kuna dawa au kipimo chochote tutakachotakiwa kugharamia wenyewe? Majibu hayo yatawaokolea pesa nyingi. Sisi tulinunua magodoro mawili ya kukunja, kumbe wadi ile haikuruhusu mtu kulala chini. Yako nyumbani hadi leo.

Gawa matumizi katika vikapu vitatu kama vya Msamaria. Kikapu cha mara moja: thamosi, beseni, kikombe chenye kifuniko, shuka, malapa. Vingi viko nyumbani, visinunuliwe upya. Kikapu cha kila siku: nauli, chakula cha mtunzaji, maji, uji, usafi. Zidisha kwa siku saba, ujue wiki moja inahitaji ngapi. Kikapu cha ghafla: dawa iliyokosekana, picha ya eksrei ya nje, teksi ya usiku. Hiki kiwe na pesa zake zisizoguswa kwa kununua mandazi.

Thibitisha mambo ya bima mapema. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na wapo wapendwa ambao bado wanadhani kadi ya zamani inatosha. Haitoshi. Piga *147# leo, kabla hujaugua, uone kama umesajiliwa na kama michango yako iko sawa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Hakikisha pia wategemezi wako wameandikwa. Kufanya hayo mgonjwa akiwa tayari kitandani ni mateso juu ya mateso.

Omba kuonyeshwa bili kila wiki. Usingoje siku ya kuruhusiwa ndipo ushtuke. Na kama mnaona hamtaweza, msijifiche. Hospitali zetu kubwa za umma zina maofisa wa ustawi wa jamii ambao kazi yao ni pamoja na kusikiliza familia zilizokwama na kuangalia kama zinastahili kupunguziwa. Nenda mapema, nenda na ukweli wote.

Kuna mtu atasema, "Pasta, kupiga hesabu namna hii ni kukosa imani. Sisi tunaamini atatoka kesho." Sikiliza, ndugu. Katika Isaya 38 Mungu mwenyewe alimwahidi mfalme Hezekia miaka 15 zaidi. Hakuna neno la uponyaji lililo wazi kuliko hilo. Lakini soma mstari wa 21: nabii yule yule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza tini zipondwe ziwekwe juu ya jipu. Kuna mtu alikwenda kutafuta tini hizo. Imani yetu katika uponyaji haijawahi kukatazana na karai, sabuni na nauli ya matatu.

3. MTUNZAJI NAYE ATAFUTIWE JIWE

Fungua Kutoka 17:12. Musa ameinua mikono, vita vinaendelea bondeni, na mikono imechoka. Haruni na Huri wanafanya nini? Tunakumbuka kwamba walimshika mikono, mmoja huku na mwingine huku. Lakini kabla ya hapo walifanya jambo dogo ambalo hatulihubiri. Walitafuta jiwe wakamwekea akaketi.

Walitambua kwamba mtu wa Mungu naye ana miguu. Miguu huchoka!

Dada yangu alikaa siku 52 kwenye stuli ya plastiki. Siku ya 31 kizunguzungu kilimshika kwenye foleni ya dawa akaketi sakafuni, kwa sababu zile 150 za chakula chake alikuwa amezitumia kununua pampas. Hili sikulijua. Nililisoma daftarini. Ameandika tu: "Leo sijakula. Pampas."

Kwa hiyo, familia zetu zifanye zamu. Andika majina na siku kwenye karatasi. Asiwe mtu mmoja siku zote, eti kwa sababu yeye "hana kazi ya ofisi." Kuuza mitumba ni kazi. Kulima ni kazi. Aliye mbali na hawezi kuja, basi anunue zamu yake: amlipe anayekaa kwa niaba yake kiasi cha kufidia siku aliyofunga biashara. Huo si ubinafsi wala hakumfanyi mtunzaji kuwa kibarua wa ndugu zake. Ni haki tu.

Na pesa za chakula cha mtunzaji zitengwe mbali na za mgonjwa. Mkizichanganya, mtunzaji mwenye upendo atakula za mwisho, na mara nyingi mwisho hakuna kitu.

4. KUMPA MGONJWA RAHA SI ANASA

Baadhi yetu tumelelewa kuamini kwamba hospitali ni mahali pa kuvumilia, na ukiomba mto wa pili unajidekeza. Sasa soma 2 Timotheo 4:13. Mtume Paulo amefungwa Rumi, anajua kifo kiko karibu. Katika barua hiyo nzito anamwomba Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Na mstari wa 21 anamsihi afike kabla ya majira ya baridi. Mtume aliyewahi kubebwa hadi mbingu ya tatu anasikia baridi, na anaomba nguo yake na kitu cha kusoma.

Soma pia 1 Wafalme 19. Eliya amechoka hadi anaomba kufa. Malaika hakuanza na mahubiri. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Na katika Marko 5:43, baada ya kumfufua binti wa Yairo, Yesu aliwaagiza wampe chakula. Bwana wetu huyajali mambo haya madogo.

Kwa mgonjwa wa siku nyingi, haya tuliyajifunza, mengine kwa kuchelewa:

Ngozi. Mtu anayelala mahali pamoja hupata vidonda vya mgongoni, makalioni na kwenye visigino. Mafundisho ya kawaida ya wauguzi ni ageuzwe angalau kila baada ya saa mbili, ikiwa hali yake inaruhusu. Wa mguu uliofungwa uzito kama baba hageuzwi ovyo. Mwombe sista akufundishe jinsi ya kumwinua kidogo. Shuka iwe kavu, isiwe na mikunjo. Kidonda kimoja kinaweza kuongeza wiki nyingi hospitalini, na kila wiki ina gharama yake. Kwa hiyo mafuta na shuka safi ni akiba.

Tumbo. Kulala siku nyingi hufunga choo, na wazee huona aibu kusema. Maji ya kutosha, matunda na uji vilimsaidia baba, lakini uliza kwanza kama mgonjwa wako anaruhusiwa.

Usingizi. Wadi haizimi taa wala kelele. Leso ya kufunika macho haigharimu kitu. Baba alipoletewa leso ya mama ndipo akaanza kulala.

Akili. Siku za hospitali ni ndefu. Redio ndogo yenye visikizi, Biblia ya maandishi makubwa, miwani yake (tulisahau miwani kwa siku 19!), na simu iliyo na chaji. Soketi ni chache wadini, kwa hiyo pawabanki moja ya kubadilishana inafaa. Lakini simu ya bei na pesa taslimu nyingi visikae chini ya mto. Wadi hupitisha watu wengi.

Heshima. Mzee wa miaka 67 kuvalishwa pampas na binti yake ni jambo linaloumiza pande zote mbili. Baba alinyamaza siku nne. Mwishowe tulielewana kwamba kaka au mimi tutakuja asubuhi kabla ya kazi kumwosha, dada ashughulike na mengine. Siku hiyo ndipo alianza kuongea tena. Lilikuwa tatizo la zamu, wala halikuhitaji shilingi moja.

5. PESA ZIWE MAHALI PA MWANGA

Katika 2 Wakorintho 8:20-21 Paulo anasafirisha mchango wa makanisa, na anaeleza kwamba wameweka utaratibu ili mtu asipate la kusema, wakijali yaliyo mema mbele za Bwana na pia mbele za watu. Kama mtume alihitaji utaratibu, familia yako inauhitaji zaidi.

Chagueni mweka hazina mmoja, ambaye si mtunzaji. Mtunzaji ana kazi ya kutosha. Pesa zote zitumwe kwa namba moja, naye amtumie mtunzaji ya wiki nzima kwa mara moja, siku inayojulikana. Tukituma mia tano mia tano, ada hukatwa kila mara anapozitoa, na mtunzaji anabaki kuomba kila siku kama mtoto. Duka likiwa na till, alipe kwa till ili asikatwe ada ya kutoa.

Daftari liwepo. Kila jioni andika, hata maandazi ya kumi. Kila Jumamosi piga picha ya ukurasa utume kwenye grupu la familia. Mnajua familia ngapi zimevunjika si kwa sababu mgonjwa alikufa, bali kwa sababu mmoja alidhani mwingine alikula pesa za mgonjwa? Daftari la dada yangu lilimkinga na maneno. Kosa letu ni kwamba hakuna aliyeliomba.

Mwisho, msimalize pesa zote siku ya kulipa bili. Kutoka kuna gharama zake: gari la kumbeba mtu asiyeweza kukunja mguu, magongo, dawa za nyumbani, na kurudi kliniki.

6. KANISA, TUTEMBELEE KWA AKILI

Mathayo 25:36 inatutaka tuwatazame wagonjwa. Lakini wapendwa, mimi ni mchungaji msaidizi na nasema kwa upole: tulikuja watu 14 kwa mara moja, tukaimba, tukamletea mzee chupa sita za soda. Yeye hanywi soda. Mgonjwa wa kitanda jirani alikuwa anaugulia maumivu, akageukia ukuta.

Tuje wawili au watatu. Tuulize mtunzaji kwanza, "Kunakosekana nini?" Tusilete chakula bila kuuliza, kwa maana mwingine ana sukari na mwingine anangoja upasuaji akiwa hajaruhusiwa kula. Tusimwambie mtu aache dawa. Tuombe kwa sauti ya wadi, Mungu hasikii kwa ukubwa wa sauti. Na tukikosa la kusema, tukumbuke marafiki wa Ayubu (Ayubu 2:13). Walikaa naye siku saba kimya, na hapo ndipo walipofanya vizuri zaidi. Matatizo yalianza walipofungua midomo.

Ukiondoka, mpe mtunzaji kitu mkononi, hata ikiwa mia mbili, na useme, "Hii si ya mgonjwa. Hii ni yako, ukale." Maneno hayo ni muhimu. Usipoyasema, atanunua pampas.

TULIVYOREKEBISHA

Baada ya kusoma lile daftari niliwaita ndugu zangu. Sikuwahubiria. Niliwasomea kurasa zile moja moja, nilipofika siku ya 31 kaka yetu mkubwa akaomba ninyamaze kidogo. Tulikubaliana sisi watatu tumrudishie dada 28,350 zote, kila mmoja 9,450, kwa miezi mitatu, yaani 3,150 kwa mwezi. Hatukumhesabia fungu lake, kwa sababu yeye alikuwa ametoa siku 52. Malipo ya mwisho yameisha. Amefungua tena, ijapokuwa kibanda cha sasa ni kidogo kuliko cha kwanza, na wateja wengine walishahamia kwingine. Hiyo sehemu hatujaweza kuirudisha, na siwezi kusema uongo kwamba imerudi.

Nami nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Sikuwa nataka pesa sana, Pasta. Nilikuwa nataka mtu aulize."

Kwa hiyo leo narekebisha ushuhuda wangu mbele zenu kwa maandishi. Mungu alilipa bili, ni kweli. Alilipa kwa mikono yenu, na nyingi zaidi alilipa kwa mikono ya mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi kwenye stuli ya plastiki, ambaye jina lake sikulitaja siku ile. Msamaria alifikiria matumizi ya baadaye kabla hajaondoka. Na sisi tuulize kabla hatujapiga makofi.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma Luka 10:34-35. Taja kila kitu Msamaria alichotumia. Ni kipi ambacho familia yako husahau mgonjwa akilazwa?
2. Katika ushirika wenu, kuna mtu anayemchunga mgonjwa wa muda mrefu, hospitalini au nyumbani? Ni lini mara ya mwisho mtu alimuuliza yeye anaendeleaje?
3. Je, kila nyumba katika ushirika wenu imethibitisha usajili wake wa SHA na wa wategemezi? Saidianeni leo kabla ya kufunga.
4. Soma Kutoka 17:12. "Jiwe" la mtunzaji mnayemjua linaweza kuwa nini wiki hii? Mpangie nani ataenda, siku gani.

OMBI

Baba wa rehema, tunakuletea wote waliolala wadini juma hili. Wanyoshee mkono wako wa uponyaji. Tunakuletea pia wanaokaa kando ya vitanda, waliochoka, wasiokula, wanaohesabu nauli ya kurudi nyumbani. Utusamehe tulipouliza bili tukawasahau watu. Utupe macho ya Msamaria, na mfuko ulio wazi, na akili ya kupanga. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.